Karatasi Zilizosomwa kwa Sauti

Nikisema "Hadithi, hadithi!" mmezoea kuitikia "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Leo iteni hadithi na utamu wake, lakini uwongo tuufungie mlango. Haya ninayowasimulia yalitokea kweli, na majina ya wahusika ni majina yao hasa.

Tuanzie kwenye uwanja wa mpira. Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, kuna uwanja uitwao Estadio Centenario. Fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa ilichezwa hapo tarehe 30 Julai 1930, na wenyeji waliwafunga Argentina mabao 4 kwa 2. Mashabiki wengi wa soka wanalijua hilo. Wanaouliza jina la uwanja lina maana gani ni wachache. Kwa Kihispania, centenario ni kutimia kwa miaka 100. Miaka 100 ya nini?

Uwanja ule ulifunguliwa tarehe 18 Julai 1930. Rudini nyuma miaka 100 kamili, siku iyo hiyo, mtawakuta watu wa Montevideo wamejaa kwenye kiwanja kilicho mbele ya Cabildo, jengo la baraza la mji, wakiapa kuitii katiba ya kwanza ya nchi yao. Miezi mitatu baadaye, ndani ya jengo lile lile, nchi hiyo changa ilimchagua rais wake wa kwanza. Namna walivyomchagua itawashangaza, na watu walioachwa nje ya mlango siku ile nataka muwajue kama mtakavyomjua yeye aliyeshinda.

Sasa chukueni ramani ya Amerika Kusini. Brazil imetanda kama mkeka wa sherehe. Chini yake, upande wa magharibi, kuna Argentina iliyonyooka kuelekea kusini hadi kwenye barafu. Katikati yao, mahali ambapo mto Río de la Plata unaingia baharini, pamebanwa nchi moja ndogo. Mto huo ni mpana kiasi kwamba ukisimama Montevideo huoni ng'ambo; unaona maji tu, rangi ya chai ya maziwa, na upeo wa macho. Wahenga wetu walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Uruguay ni nchi ya nyasi kweli kweli, vilima vya majani mabichi na ng'ombe wasiohesabika, na tembo wake wawili hawakuwa na amani.

Kwanza nchi ilikuwa ya Wahispania. Jemadari mmoja aitwaye José Artigas akainua watu wa mashambani dhidi yao: wachunga ng'ombe, Waafrika waliotoroka utumwa, na wenyeji wa asili kama Wacharrúa. Hispania ikaondoka, lakini Wareno waliokuwa wakitawala Brazil wakavuka mpaka na kuichukua Montevideo mwaka 1817. Artigas alipigana miaka mitatu zaidi, akashindwa, akaingia Paraguay mwaka 1820. Hakurudi tena. Alikufa huko mwaka 1850, mzee wa miaka 86. Askari weusi waliomfuata uhamishoni walibaki naye, na wajukuu wa wajukuu wao wako huko hata sasa, mahali paitwapo Kamba Kua, karibu na Asunción. Bado wanapiga ngoma zao.

Brazil ilipojitenga na Ureno mwaka 1822, ilibaki na kipande hicho cha ardhi, kilichoitwa jimbo la Cisplatina. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili 1825, kundi dogo la watu waliotoka upande wa Argentina lilivuka mto kwa mashua na kushuka kwenye ufuko wa Agraciada. Historia inawaita Thelathini na Watatu, ingawa orodha za majina yao hazifanani zote. Kiongozi wao alikuwa Juan Antonio Lavalleja. Walibeba bendera yenye maneno ya Kihispania yaliyomaanisha uhuru au kifo.

Hapa anaingia mtu wa pili, nanyi mshikeni vizuri kichwani, maana bila yeye hadithi haiendi. Anaitwa Fructuoso Rivera, na watu wa mashambani walimwita Don Frutos. Zamani alipigana pamoja na Lavalleja chini ya Artigas, wakawa marafiki wa kuitana ndugu. Artigas aliposhindwa, Rivera alijisalimisha, akavaa sare ya adui na kupewa cheo kikubwa. Kwa hiyo Lavalleja aliporudi na kundi lake, rafiki yake wa zamani alikuwa upande wa pili.

Tarehe 29 Aprili 1825, siku kumi tu baada ya mashua kutia ufukweni, wawili hao walikutana karibu na kijito cha Monzón. Wengine husema Rivera alikamatwa na kuambiwa achague. Wengine husema walikuwa wameshapatana kwa siri. Wanahistoria wa Uruguay wamebishana juu ya jambo hilo kwa karibu miaka 200. Lisilobishaniwa ni kwamba Rivera aligeuza farasi wake akajiunga na Lavalleja, na bila yeye wachunga ng'ombe wengi wasingetoka. Alikuwa na kipaji cha watu. Alikaa nao motoni, akanywa nao mate, majani yale machungu wanayoyanywa kwa kibomba kutoka kwenye kibuyu kidogo, na pesa ikimpita mkononi aligawa hata ile ambayo haikuwa yake. Lavalleja alikuwa mtu wa namna nyingine: askari mnyoofu, mkali, aliyependa amri itiiwe ilivyotolewa.

Wakapigana na Brazil, na Argentina ikaingia vitani upande wao. Vita vikaendelea hadi mwaka 1828 bila mshindi. Waingereza, ambao meli zao za biashara zilikwamishwa na vita hivyo, wakatuma mwanadiplomasia wao, Lord Ponsonby, kupatanisha. Uingereza haikutaka mto ule mkubwa umilikiwe na mmoja wa tembo pande zote mbili. Jawabu likawa kuunda nchi katikati. Mkataba ulitiwa saini Rio de Janeiro tarehe 27 Agosti 1828. Walikaa mezani Wabrazil na Waargentina, Mwingereza akiwa mpatanishi. Mwakilishi wa nchi iliyokuwa ikizaliwa hakuwepo.

Fikirini hilo kidogo. Mtoto anapewa jina na majirani wawili waliokuwa wakimgombea, na yeye hajaulizwa. Tena mkataba ulisema kwamba katiba yake ikishaandikwa, lazima kwanza ipelekwe kwa majirani haohao waikague.

Hata hivyo watu wale walifanya kazi. Askari wa mwisho wa Brazil waliondoka Montevideo mwaka 1829. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kubomoa kuta za ngome zilizouzunguka mji, ili mji upumue. Nchi nzima ilikadiriwa kuwa na watu 74,000 hivi; leo wangeweza kuketi kwenye uwanja mmoja mkubwa wa mpira. Iligawanywa katika mikoa tisa, na kama mna bendera ya Uruguay kitabuni, hesabuni mistari yake: minne ya buluu, mitano myeupe, jumla tisa. Mikoa imeongezeka hadi 19, lakini mistari haikuongezwa. Pembeni kuna jua lenye uso wa mtu, linawatazama.

Katiba ikaandikwa, ikakaguliwa, ikaapiwa ile tarehe 18 Julai. Na sasa tufike kwenye kura.

Hapa kwetu mmewaona wazazi wakipanga foleni alfajiri, kisha wanarudi na wino kidoleni. Uruguay ya 1830 haikuwa hivyo. Wananchi hawakumpigia rais kura. Walichagua wabunge, na Bunge, yaani wawakilishi na maseneta wakiketi pamoja kama Baraza Kuu, ndilo lililomchagua rais. Maseneta walikuwa tisa, mmoja kwa kila mkoa, na hata wao walichaguliwa na wajumbe wachache. Ili uwe seneta, na kwa hiyo ili uwe rais, ulitakiwa uwe umetimiza miaka 33 na uwe na mali ya pesos 10,000. Wakati ule hilo lilikuwa shamba kubwa na ng'ombe wa kutosha kufunika kilima. Mchunga ng'ombe aliyelala njaa vitani hakufika hapo hata angekuwa na akili kuliko wote.

Na wabunge, nani aliwachagua? Katiba iliwataja wasioruhusiwa, na orodha yao ndefu. Mtumishi wa kulipwa mshahara hapana. Kibarua wa kutwa hapana. Askari wa kawaida hapana, hata kama ni risasi yake iliyoileta nchi. Anayejulikana kuwa mzururaji hapana. Aliye chini ya miaka 20 hapana, isipokuwa ameoa, ambapo alikubaliwa kuanzia miaka 18. Asiyejua kusoma na kuandika alipewa nafuu ya muda tu: kuanzia mwaka 1840, vijana wapya wasiojua kusoma wangezuiwa. Wanawake katiba haikujisumbua hata kuwataja. Ilionekana jambo lililo wazi. Na watumwa, bila shaka, hapana.

Kuhusu watumwa nataka tusimame, kwa sababu hapa hadithi inagusa pwani yetu. Meli zilizopeleka Waafrika Montevideo katika miaka ya mwisho ya utawala wa Hispania zilitoka Kongo, Angola na Afrika ya magharibi, na nyingine nyingi zilitoka Msumbiji, zikazunguka ncha ya kusini ya Afrika na kuvuka Atlantiki. Ndugu wa watu wa Bahari ya Hindi, wenye lugha zilizo dada za Kiswahili, waliuzwa kando ya mto ule wa rangi ya chai. Walipopata siku ya mapumziko walikusanyika kwa mataifa yao, Wakongo na Wakongo, Wamsumbiji na Wamsumbiji, wakapiga ngoma. Ngoma hiyo inaitwa candombe, na haijafa. Ina ngoma tatu za miili ya mapipa, ndogo, ya kati na kubwa: chico, repique na piano. Zinavalishwa ukanda begani na kupigwa kwa kiganja kimoja na kijiti kimoja huku mpigaji anatembea barabarani. Kabla ya kuanza wapigaji huwasha moto na kuziegesha ngoma kando yake ili ngozi ikaze. Ukimwona mpigaji anainamisha sikio kusikiliza ngozi imeiva au bado, utadhani uko Tanga au Mtwara.

Katiba ya 1830 ilitamka kwamba kuanzia hapo hakuna mtoto atakayezaliwa mtumwa katika ardhi ile, na kwamba biashara ya kuleta watumwa imekwisha milele. Maneno mazuri. Lakini mama aliyekuwa mtumwa alibaki mtumwa, na si muda mrefu serikali iliwaruhusu wafanyabiashara kuleta Waafrika wapya kwa jina la walowezi. Jina lilibadilishwa, meli ilikuwa ileile.

Basi, kabla ya siku ya kura ilibidi nchi isipasuke kwanza. Aliyekuwa gavana wa muda, Jenerali José Rondeau, alijiuzulu Aprili 1830 na Lavalleja akashika nafasi yake. Rivera hakukubali. Mwaka 1828, wakati vita na Brazil vimekwama, alikuwa amevamia eneo la Misiones akiwa na jeshi dogo na kuliteka, jambo lililosaidia kuisukuma Brazil kwenye mapatano. Alirudi akiwa shujaa, na hakuwa tayari kusimama nyuma ya mtu. Kwa wiki kadhaa ilionekana marafiki hao wawili wataanza uhuru kwa kuuana. Mwezi Juni wakapatana: suala la nani ataongoza waachiwe wabunge.

Naomba mlipime jambo hilo kwa mizani ya wakati wake. Wanaume wawili wenye majeshi, ambao maisha yao yote walimaliza ugomvi kwa panga na mkuki, wanakubali ugomvi wao umalizwe kwa karatasi. Na mapatano yale yalishika, angalau kwa miezi ile.

Tarehe 24 Oktoba 1830 Baraza Kuu liliketi. Katiba ilikuwa imepanga kwamba kwa kawaida rais achaguliwe tarehe 1 Machi, ila huyu wa kwanza achaguliwe mara tu theluthi mbili za wabunge watakapokuwa wamefika. Nao walifika kwa farasi na mikokoteni, kupitia mito isiyo na madaraja.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila mbunge aliandika kwenye karatasi jina la mtu anayemtaka awe rais. Chini yake akatia saini yake mwenyewe. Karatasi zikakusanywa. Kisha katibu akasimama na kuzisoma moja moja kwa sauti mbele ya wote, na aliyetakiwa kushinda ni yule aliyepata zaidi ya nusu ya kura zote.

Jiwekeni darasani kwenu. Mnachagua kiranja. Mwalimu anagawa karatasi, mnaandika jina la mnayemtaka, na chini mnaandika jina lenu. Mwalimu anasimama, anafungua ya kwanza, anasoma: fulani amemchagua fulani. Yule aliyenyimwa kura ameketi nyuma yako, amesikia, na mtakutana wakati wa mapumziko. Ungeandika jina lilelile ambalo ungeliandika gizani? Katika chumba kile wabunge walijua kwamba mmoja wa wagombea ana wapanda farasi nchi nzima. Sisemi waliogopa, wengi walimpenda kweli. Nasema tu kwamba kila saini ilisikika.

Majina yakasomwa. Rivera, Rivera, hapa na pale Lavalleja, Rivera tena. Fructuoso Rivera akashinda kwa kura nyingi na kuwa rais wa kwanza wa kikatiba wa nchi iliyoitwa Dola ya Mashariki ya Uruguay. Hakushika madaraka papo hapo. Luis Eduardo Pérez, mkuu wa seneti, aliishikilia serikali kwa siku chache hadi Rivera alipoapishwa tarehe 6 Novemba.

Ningependa kuwaambia kwamba rais wa kwanza alitawala vizuri. Nimeahidi uwongo hatuuingizi.

Rivera hakupenda ofisi. Alikaa mashambani zaidi, huko Durazno, akaacha kazi ya serikali mikononi mwa mawaziri wake, ambao wengi walikuwa ndugu na mashemeji wa ukoo mmoja. Hazina ikakauka. Hayo yangeweza kusamehewa. Lakini kabla hajatimiza nusu mwaka madarakani alifanya jambo ambalo halisameheki.

Mnawakumbuka Wacharrúa, wenyeji wa asili waliopigana upande wa Artigas? Hawakuwa wengi tena. Wenye mashamba makubwa walilalamika kwamba wanaiba ng'ombe, wakataka serikali iwaondoe. Rivera aliwafahamu machifu wao kwa majina. Walikuwa wamepigana pamoja. Aliwaita wakutane naye kando ya kijito kiitwacho Salsipuedes, na walikuja kwa sababu aliyewaita ni mtu wanayemjua. Tarehe 11 Aprili 1831 askari wa serikali waliwazunguka na kuwashambulia. Taarifa ya Rivera mwenyewe ilitaja waliouawa 40 na mateka wapatao 300. Wanawake na watoto walipelekwa Montevideo kwa miguu wakagawiwa majumbani kama watumishi, mama huku, mtoto kule. Jina la kijito kile lilikuwapo kabla ya siku hiyo. Kwa Kihispania linasomeka "toka ukiweza".

Mwaka 1833 Wacharrúa wanne walichukuliwa na Mfaransa mmoja hadi Paris, wakaonyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio. Majina yao nataka myatamke: Vaimaca Pirú, Senaqué, Guyunusa na Tacuabé. Guyunusa alikuwa mjamzito, akajifungua mtoto wa kike kule ugenini. Senaqué na Vaimaca walikufa mwaka huohuo, Guyunusa mwaka uliofuata. Tacuabé alitoweka baadaye. Mifupa ya Vaimaca ilikaa kwenye jumba la makumbusho la Paris hadi mwaka 2002, iliporudishwa nyumbani na kuzikwa kwa heshima za taifa. Tarehe 11 Aprili sasa ni siku ya kuwakumbuka Wacharrúa nchini Uruguay.

Lavalleja naye hakustahimili. Kuanzia mwaka 1832 aliasi dhidi ya Rivera mara kwa mara, akashindwa kila mara. Na hapa kuna jambo ambalo mimi hulirudia ninaposimulia habari hizi, kwa sababu lingeweza kwenda vingine kwa urahisi kabisa. Katiba ilisema rais atatawala miaka minne na hataruhusiwa kuchaguliwa tena papo kwa papo. Oktoba 1834 miaka minne ikaisha. Rivera alikuwa na jeshi, alikuwa na umaarufu, na adui zake aliwashinda. Akaachia kiti. Tarehe 1 Machi 1835 karatasi zenye saini zikasomwa tena, na safari hii jina lilikuwa Manuel Oribe, mmoja wa wale waliovuka mto usiku wa Aprili 1825.

Lakini kuachia kiti ni jambo moja, na kuachia nguvu ni jambo jingine. Rivera alibaki mkuu wa majeshi ya mashambani, na Oribe alipoifuta nafasi hiyo, Don Frutos akapanda farasi na kuasi. Walipigana Carpintería tarehe 19 Septemba 1836. Pande zote zilivaa nguo zilezile, kwa hiyo ilibidi kila upande uwe na alama. Watu wa Oribe walifunga utepe mweupe kwenye kofia. Watu wa Rivera walianza na utepe wa buluu mpauko. Husimuliwa kwamba jua na mvua viliufifisha hata ukafanana na ule mweupe, wakachana bitana nyekundu ya makoti yao ya poncho na kujifunga hiyo. Weupe na Wekundu, Blancos na Colorados: vyama hivyo viwili vipo mpaka leo Uruguay, vinagombea uchaguzi, na ni miongoni mwa vyama vya siasa vikongwe kuliko vyote duniani. Vilianzia kwenye vitambaa vya kofia.

Rivera alirudi madarakani, na vita kati ya pande hizo vikawa virefu. Montevideo ilizingirwa kuanzia mwaka 1843 hadi 1851. Humo katikati ya vita, Desemba 1842, serikali ya Montevideo ilifuta utumwa, na upande wa Oribe ukafanya hivyo mwaka 1846. Msidhani mioyo ilikuwa imelainika ghafla. Pande zote zilihitaji askari, na mwanamume mweusi aliyeachiwa huru asubuhi alikabidhiwa bunduki jioni.

Miaka mingi nitairuka, kwa kuwa ni vita na mapatano, vita na mapatano. Shikeni tarehe chache tu. Kura ya siri, ile ambayo hakuna katibu wa kuisoma saini yako, ilitumika mara ya kwanza mwaka 1916. Na siku wananchi wa Uruguay walipompigia rais kura wenyewe, ana kwa ana na sanduku, ilikuwa Novemba 1922, na aliyeshinda ni José Serrato. Fanyeni hesabu: kutoka 1830 ni miaka 92. Mtoto aliyezaliwa siku Rivera anachaguliwa angeifikia siku hiyo akiwa mkongwe wa kushikwa mkono, kama angeifikia.

Tarehe 1 Machi haikupotea. Mpaka sasa rais mpya wa Uruguay huapishwa siku hiyo, na mpaka sasa haruhusiwi kujirudisha muhula unaofuata. Hukaa pembeni kwanza. Yamandú Orsi aliapishwa 1 Machi 2025.

Wanawake, je? Kuna mji mdogo uitwao Cerro Chato, ulioota mahali ambapo mipaka ya mikoa mitatu inakutana. Ukivuka barabara umebadilisha mkoa. Wakazi walichoka, wakaomba kura ipigwe waamue wanataka mkoa upi. Amri iliyotoka ilisema kila mkazi atapiga kura, mwanamume na mwanamke. Basi tarehe 3 Julai 1927, miaka mitatu kabla ya uwanja wa Centenario kufunguliwa, wanawake wa Cerro Chato walijipanga. Kura hiyo haikuwa ya rais, ilikuwa ya mipaka ya mji tu, na matokeo yake hayakutekelezwa. Mji umegawanyika mikoa mitatu hadi leo. Lakini nchini Uruguay hakuna mwanamke aliyekuwa amepiga kura kabla yao. Wa kwanza kwenye sanduku alikuwa bibi mmoja mzaliwa wa Brazil mwenye umri wa miaka 90. Alitumbukiza karatasi yake, na hakuna aliyesimama kuisoma.